Mitumba iliua viwanda vyetu vya nguo, au ilikuta vimeshakufa?

#1 Mdau_Ubungo
Wakuu habari za jioni. Kila mwaka bajeti ikikaribia linarudi lile lile, pandisheni ushuru wa mitumba ili viwanda vya ndani vipumue. Mimi nimekulia Ubungo, kiwanda cha Urafiki nimekiona tangu natembea peku, kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina na kweli naumia nikipita pale nikikumbuka kengele ya zamu na ule umati wa wafanyakazi getini. Ila hoja yangu ni hii: mitumba haikuua viwanda, ilikuta maiti iko sebuleni tayari. Tunamtwisha muuza mitumba kodi kwa kosa ambalo hakulifanya. Mwenye ushahidi tofauti aulete hapa tuuangalie.

#2 Kapuku_Msomi
Nimekaa mkao wa kula.

#3 TakwimuKwanza
Mdau ushahidi upo. Kuna mchumi wa Chuo Kikuu cha Toronto anaitwa Garth Frazer, 2008 alichapisha utafiti akiangalia nguo kuukuu zinazoingia Afrika na uzalishaji wa nguo barani kati ya 1981 na 2000. Alichokikuta ni kwamba mitumba inaeleza kama asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji na asilimia 50 ya kupotea kwa ajira za viwanda vya nguo. Hizo siyo namba za kupuuza mkuu. Kwahiyo habari ya maiti sebuleni sikubaliani nayo, huyo mtu alikuwa mgonjwa, na mitumba ikamkalia kifuani.

#4 Mdau_Ubungo
Takwimu asante kwa kuleta kitu kinachoshikika. Lakini isome hiyo namba upande wa pili, asilimia 40 ni mitumba, 60 ni nini? Na hiyo ni Afrika nzima kwa pamoja, siyo Tanzania peke yake.

#5 Mzee_Msokotaji
Vijana shikamooni hamjambo. Mimi nilikuwa idara ya kusokota nyuzi katika kiwanda kimoja Kanda ya Ziwa, niliajiriwa 1979. Naomba niseme nilichokiona kwa macho yangu maana wengi humu mlikuwa hamjazaliwa.

Kufikia 1982, 1983 mashine zaidi ya nusu kwenye ukumbi wetu zilikuwa zimelala. Hakuna vipuri. Kipuri kinatoka nje, kinataka dola, dola hakuna, nchi imetoka vitani na Amin 1979 na mafuta yamepanda. Tulikuwa tunakata mashine moja kuilisha nyingine, fundi anang'oa gia kwenye namba nane anaipeleka namba tatu, mwisho wa mwezi una mashine nne zinazotembea na kumi za kutolea vyuma. Umeme unakatika zamu ya usiku uzi wote unakatika, mnaanza upya kuunga mmoja mmoja kwa vidole. Maji ya idara ya kutia rangi nayo shida. Wakati huo huo mtaani watu hawana nguo kabisa, mke wangu alipojifungua 1983 nilizunguka maduka ya serikali ya RTC nikitafuta kanga doti moja nisiipate, mimi ninayetengeneza uzi! Mwaka huo huo ndo ile kampeni ya Sokoine ya wahujumu uchumi, watu wanafukia vitambaa ardhini kwa hofu.

Mitumba kuja kwa wingi ni baada ya 1984 serikali iliporuhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, halafu akaja Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, 1985. Mtumba ulitukuta tumeshalala. Lakini nisiwe mchoyo wa ukweli, tulipojaribu kuamka baadaye, nao ukatukalia. Kwahiyo Mdau na Takwimu wote wawili mna haki na mnachosema, ila mnazungumzia miaka tofauti.

Mafao yangu ya kupunguzwa kazi nililipwa nusu, ile nusu nyingine naidai hadi leo. Hilo tuliache.

#6 Fundi_Mwajuma
Marahaba mzee wetu... samahani shikamoo 😀 mzee katuanzia yeye hadi nikachanganyikiwa. Pole sana kwa hayo mafao, inauma mtu kutumikia ujana wote halafu unazungushwa.

#7 MamaBelo
Mimi nauza soko la Karume, Dar, nguo za watoto, mwaka wa kumi na moja huu. Nilikuwepo soko lilipoungua Januari 2022, nikaanza upya na belo moja la mkopo wa kikoba. Naomba mnaposema "pandisha ushuru" mjue unampandia nani.

Belo ni kilo 45. Mimi nanunua limefungwa, sijui ndani kuna nini, ni kama kununua ng'ombe ndani ya gunia. Kuna tajiri mmoja aliniuzia belo limeandikwa daraja la kwanza, juu vigauni vizuri vya kung'aa, nikishuka katikati makapi, vina madoa, zipu zimekufa. Hakurudisha hata mia. Sasa kwenye belo kama hilo nikitoa ushuru wa soko, mzigo wa bodaboda au kirikuu, kodi ya meza na chakula, nimebaki na nini? Ile kitambulisho cha machinga cha 20,000 alichotoa Magufuli 2018 angalau ulijua umelipa umemaliza, unaweka kwenye pochi unalala.

Ushuru ukipanda bandarini haukai bandarini. Unashuka kwa tajiri, kwa dalali, kwangu, unaishia kwa mama anayetaka nguo ya mwanae ya buku mbili.

#8 Gikomba_Kwetu
Mama Belo umesema ukweli mtupu. Mimi niko Nairobi, Gikomba. Sisi huku tushajaribiwa hiyo kitu wazi wazi. 2020 mwezi wa tatu serikali ilifunga mitumba juu ya korona, ikafungua mwezi wa nane. Miezi mitano hivi. Unajua nini ilifanyika? Beli zilizokuwa stoo zikapanda bei, wenye pesa wakauza ghali, sisi wa kuuza kamera (nguo za chaguo la kwanza) moja moja tukakaa nyumbani. Na hizo nguo mpya za Kenya za kujaza soko sikuziona. Zikikuja zilikuwa za China.

Alafu 2022 Raila akizindua manifesto yake akasema hizi nguo zimevaliwa na watu waliokufa. Wacha! Soko nzima ilikasirika, ikabidi aeleze tena kwamba hana nia ya kufunga. Hapa Kenya mitumba ni kura, sio nguo tu.

#9 Kapuku_Msomi
Hiyo ya wafu hata Museveni aliirudia Agosti 2023 pale Mbale, akatangaza marufuku, na wafanyabiashara wa soko la Owino, Kampala, wakapiga kelele sana. Ila nyie wa zamani mnakumbuka Bongo tuliziita "kafa Ulaya"? Jina lenyewe tumelianzisha wenyewe.

#10 TakwimuKwanza
Gikomba, miezi mitano siyo jaribio la haki. Hakuna mtu anafunga mashine mpya za kufuma kwa miezi mitano, tena katikati ya korona watu wamefungiwa. Kiwanda kinataka kujua kwamba soko litakuwepo miaka kumi ijayo. Ndo maana 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu kwa miaka mitatu, ili mwenye mtaji aone njia. Ushuru ukapanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo... nadhani ndo upo hapo hapo hadi leo.

#11 Wakala_Forodha
Nimrekebishe Takwimu kidogo, hii ndo kazi yangu ya kila siku. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mitumba ulikuwa asilimia 35 ya thamani au senti 20 za dola kwa kilo, kinachochukuliwa ni kile kikubwa. 2016 ile ya kilo ikapanda ikawa senti 40. Rwanda ndo waliruka peke yao, kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo ya nguo, na viatu dola 5.

Sasa fanyeni hesabu ya belo la Mama Belo. Kilo 45 kwa senti 40 ni dola 18. Kwa kiwango cha Rwanda ni dola 112 na nusu. Belo lile lile. Halafu juu ya ushuru unaweka VAT ya asilimia 18, ambayo inahesabiwa thamani pamoja na ushuru wenyewe, yaani unalipa kodi juu ya kodi.

Kitu watu hawakioni ni huo mchezo wa "kikubwa". Mzigo ukiwa na thamani chini ya dola 1.14 hivi kwa kilo, inakubana kodi ya uzito. Ikizidi hapo inakubana asilimia. Kwahiyo mwenye makapi ya bei rahisi analipa sehemu kubwa zaidi ya thamani yake kuliko mwenye nguo kali. Ila wenyewe waliweka uzito kwa sababu thamani ni rahisi kudanganya kwenye karatasi, kilo ni ngumu, unaweka kwenye mzani unaiona.

#12 MamaBelo
Kaka Wakala ubarikiwe, nimeelewa leo kitu ambacho miaka kumi na moja hakuna aliyenifafanulia. Kumbe nguo za watoto kodi ya uzito inanipa unafuu maana kilo moja zinaingia nyingi, anayeumia ni wa makoti na jinzi.

#13 Wakala_Forodha
Ndio dada, hapo umenishika vizuri kabisa.

#14 Dereva_wa_Rusumo
Natumia njia ya Dar, Isaka, Rusumo, Kigali miaka mingi. Kabla ya 2016 Kigali caguwa, yaani mitumba, zilikuwa kila kona (hilo neno ni "chagua" yetu, walilichukua jumla). Baada ya ushuru kupanda zikapungua kweli, nilishuhudia. Jamaa niliyekuwa napaki karibu na kibanda chake alihamia kuuza nguo mpya za China, anasema mteja ananung'unika, mpya inachuja ikifuliwa mara mbili. Na kuna mzigo unaovuka usiku kutoka upande wa Goma kichwani kwa wanawake, kila mtu wa Rubavu analijua hilo. Ila niseme haki, pia nimeona wasichana wa kiwanda wakitoka zamu jioni na sare, wengi, kitu ambacho zamani hakikuwepo pale.

#15 Mdau_Ubungo
Dereva huo ndo ushahidi wangu sasa! Ukifunga mtumba, anayeingia ni Mchina, siyo Urafiki.

#16 Chakarama
Mnazunguka mbuyu jamani. Mnajua kwanini Tanzania na Uganda zilirudi nyuma 2018 kwenye mpango wa kuondoa mitumba? Marekani. Chama cha wafanyabiashara wao wa nguo kuukuu, SMART, kilipeleka malalamiko Machi 2017 kikisema ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini kwa sababu sisi tunapandisha ushuru. Ajira za kuchambua nguo zilizotupwa! Serikali yao ikaanza kutupitia kama tunastahili AGOA, ule mpango wao wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema maana viwanda vyake vya EPZ (maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje) vilikuwa vinauza nguo nyingi sana Marekani na vina makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Sisi na Uganda tukanywea. Rwanda ikakaza, na tarehe 30 Julai 2018 Trump akawasimamishia unafuu wa nguo kwenye AGOA.

Sasa niambieni, hapo mchumi ana kazi gani? Unaweza kuandika kitabu kizima cha ushuru sahihi wa mitumba, halafu barua moja kutoka Washington inakifunga. Nilikasirika siku ile na bado nina hasira.

#17 Gikomba_Kwetu
Chakarama naelewa hasira yako lakini usisahau dada yangu anashona kwenye viwanda hivyo vya EPZ, Athi River. Kwake AGOA ni school fees. Usiseme "Kenya ilijitoa" kama vile tulikuwa waoga, hao ni watu wangekosa kazi Jumatatu.

#18 Chakarama
Sawa kaka, nimekosea namna ya kusema. Samahani kwa dada. Kilichoniuma ni kwamba nchi zetu zilikubaliana kitu halafu kila moja ikawa na kitu chake cha kupoteza, Kenya kikubwa, Rwanda kidogo, kwahiyo wa kukaza alijulikana mapema.

#19 Mzee_Msokotaji
Umesema jambo kijana. Aliyekuwa na kidogo cha kupoteza ndiye aliyesimama.

#20 NgwanaPamba
Wakuu mmeongea kurasa mbili hakuna aliyemtaja mkulima. Niko Maswa, Simiyu, nalima ekari sita za pamba. Nyie mnabishana nguo ziingie au zisiingie, mimi pamba yangu inatoka hapa, inapita kinu cha kuchambua, halafu sehemu kubwa inakwenda nje ikiwa pamba ghafi haijasokotwa hata uzi mmoja. Kwahiyo ajira ya kusokota, kufuma, kutia rangi, kushona, zote nne zimepanda meli. Bei yangu inatajwa na serikali kama bei elekezi lakini chanzo chake ni bei ya dunia, ikishuka huko sisi tunaambiwa tuvumilie.

Na Chakarama umeisahau moja. Hao hao Marekani wanaotutisha na AGOA, wakulima wao wa pamba wanapewa ruzuku. Brazil iliwashitaki WTO, Shirika la Biashara Duniani, tangu 2002 ikashinda, mwisho 2014 Marekani ikalipa dola milioni 300 kumaliza kesi. Ikawalipa Brazil. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walilia kilio hicho hicho cha pamba na hawakulipwa kitu kama hicho. Kwahiyo bei inashushwa na ruzuku nikiwa shambani, na fulana iliyotokana na pamba hiyo ikichakaa huko inarudi kuuzwa mnadani kwetu Maswa. Nainunua mimi. Nimeivaa sasa hivi naandika.

#21 Fundi_Mwajuma
Ngwana umenigusa sana, asante.

Mimi nina vyerehani vitatu Mbagala, nilitaka kuongea tangu mwanzo. Adui wangu mkubwa siyo mtumba. Mtu wa mtumba na mtu wa kushona siyo mteja mmoja, wa mtumba anataka jinzi na fulana ambazo mimi hata nikipewa kitambaa bure sishoni. Anayeniua ni nguo mpya ya dukani Kariakoo inayouzwa chini ya bei ya kitambaa changu. Yaani gauni limeshashonwa, lina vifungo, lina mfuko wa nailoni, ni rahisi kuliko mita mbili ninazonunua kabla sijatia mkasi. Kanga na kitenge kutoka nje ushuru wake ulikuwa asilimia 50, viliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti. Sasa hiyo bei inatokea wapi kama hiyo asilimia 50 inalipwa kweli? Kaka Wakala nisaidie hapo maana mimi hesabu imegoma.

#22 Wakala_Forodha
Dada Mwajuma, kwenye makaratasi ushuru ni wa thamani, na thamani anaiandika mwenye mzigo. Vitenge anavyonunua dola tatu akiandika dola moja, asilimia 50 inakuwa ya moja. Afisa anaweza kubisha na kupandisha thamani lakini kontena ni nyingi na meli zinasubiri. Mitumba ina mzani. Nguo mpya haina. Kwahiyo unaweza kukuta mtumba ndo unaolipa kodi kwa uaminifu zaidi, halafu ndo unaotukanwa. Nimekaa kwenye hii kazi nimeona yote mawili na linanisumbua.

#23 TakwimuKwanza
Hiyo ya #22 sikuwa nimeifikiria hivyo na inabidi nikubali inapunguza nguvu ya hoja yangu. Siondoi ile 40 ya Frazer lakini nadhani baada ya 2005 hadithi ilibadilika, maana Januari mosi mwaka ule ndo mgao wa dunia wa nguo (ile mipaka ya kiasi cha nguo ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza kwa nchi tajiri) uliisha na China ikafunguliwa mlango kila mahali. Utafiti wake uliishia 2000.

Ila kwa Ngwana, niseme kitu usichukie. Kuwa na pamba siyo sababu ya kuwa na viwanda vya nguo. Bangladesh karibu haina pamba. Walianza na kampuni moja iitwayo Desh, 1979 wakapeleka watu 130 Korea Kusini kwa Daewoo kujifunza, wakarudi. Serikali ikawaachia walete kitambaa bila ushuru mradi nguo inatoka nje, kinakaa kwenye ghala la forodha. Leo ni wa pili au wa tatu duniani. Sisi tunaanzia shambani wakati faida ya haraka ilikuwa kwenye cherehani.

#24 NgwanaPamba
Sichukii, lakini Bangladesh mkulima wake wa pamba hayupo wa kumuacha nyuma. Mimi nipo.

#25 Fundi_Mwajuma
Na mimi nipo. Watu 130 kupelekwa kusoma! Mbagala hapa nikitaka kumfundisha msichana mashine ya kufunga kingo namfundisha usiku kwa umeme wangu.

#26 Mgeni_Njiani
Samahani naingia pembeni, Mama Belo sweta za watoto wa miaka miwili unazo? Nahamia Mbeya mwezi ujao na huko baridi.

#27 MamaBelo
Zipo mpendwa, njoo Jumatano nafungua belo la baridi, wahi saa kumi na mbili asubuhi maana wa kuchagua mapema ndo wanapata.

#28 Mdau_Ubungo
Nimesoma yote. Nilianza nikiwa na uhakika, sasa naona niliuliza swali nusu. Mzee anasema vipuri na dola. Takwimu anasema mtumba kwa miaka ile. Dada Mwajuma na Wakala wanasema nguo mpya inayodanganya thamani. Chakarama anasema Washington. Ngwana anasema ruzuku za pamba. Na mimi bado nashikilia kwamba belo la Karume siyo pa kuanzia. Nauliza hivi: 2023 serikali iliweka VAT sifuri kwa nguo zinazotengenezwa na pamba ya ndani. Kuna mtu humu aliyeiona bei ikishuka dukani?

#29 Fundi_Mwajuma
Mimi sikuiona. Labda iliishia kwa mwenye kiwanda kwanza ili apumue, siwezi kumlaumu, lakini mita niliyonunua haikushuka.

#30 Chakarama
Mdau ukitaka soko la uhakika bila kumgusa Mama Belo, sare. Jeshi, polisi, mashuka ya hospitali, sare za shule za serikali. Hapo hakuna mtumba kabisa, mnunuzi ni serikali au mzazi aliyelazimishwa rangi. Kwanini kitambaa cha sare ya mtoto wa Maswa kitoke nje?

#31 Mzee_Msokotaji
Sisi tulifuma kaki ya shule. Nyuzi namba ishirini (namba ndo unene wa uzi), tukiipima mkononi tu unajua. Sare moja mtoto alimaliza nayo darasa la tano, la sita, akamuachia mdogo wake.

#32 NgwanaPamba
Mzee shikamoo. Novemba tunapanda. Ukipita huku kwetu nikuoneshe pamba, uniambie ni ya nyuzi namba ngapi.

#33 Mzee_Msokotaji
Marahaba mwanangu. Nitakuja wakati wa kuvuna basi, mwezi wa sita, pamba ya kupanda haina uzi wa kupima.